Kuchanua, kwa Hesabu ya Kasese

Washairi wa mapenzi wamelimaliza neno kuchanua. Msichana huchanua, uso huchanua, penzi huchanua, na nyuki hakosi kupita hapo karibu. Sina ugomvi nao. Ila mimi ni mtu wa Kasese, magharibi mwa Uganda, chini ya milima ya Rwenzori, na huko neno hilo hulisikii sana kwa wenye kuandika barua za mapenzi. Hulisikia kwa wenye daftari na kalamu mfukoni. "Kahawa imechanua?" ni swali la biashara. Anayeuliza anataka kujua pesa itaingia lini, na mara nyingine anachungulia tu kama shida zako zimefika mahali pa kukufanya uuze mapema.

Niseme kidogo kuhusu Kiswahili chetu, maana kuna wanaoshangaa kwamba Uganda kuna watu wanaokitumia bila kulazimishwa. Reli ilifika Kasese mwaka 1956, migodi ya shaba ya Kilembe ikashika kasi, na vibarua wakamiminika kutoka kila upande, kila mmoja na lugha ya kwao. Shimoni huwezi kungoja mkalimani. Ukiongeza mpaka wa Mpondwe, ambako Wakongo huvuka siku za soko na Kiswahili chao, utaelewa kwa nini nyumbani kwa mama ni Lhukonzo na sokoni ni Kiswahili. Baraza la Mawaziri lilipoamua Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na somo la lazima shuleni, Kampala walibishana sana. Sisi tulikuwa tumeshadaiana kwa Kiswahili kwa zaidi ya nusu karne.

Sasa turudi shambani.

Mkahawa hauchanui unapojisikia. Vichipukizi vya maua hujitunga mapema, vikakua kiasi, kisha vikalala. Kiangazi chote vimekaa tu kwenye vifundo vya matawi, vidogo, vya kijani, ukipita haraka huvioni. Kinachoviamsha ni mvua ya kwanza ya maana baada ya ukavu. Inyeshe vizuri, hesabu kama wiki moja, au siku 10, halafu asubuhi moja unaamka na kilima kizima ni cheupe, harufu ya karibu na asumini imejaa hadi barabarani. Kesho yake bado. Kesho kutwa maua yameanza kugeuka kahawia, na baada ya hapo mgeni anaweza kupita shamba lilelile asijue kulitokea nini.

Kuanzia asubuhi ile, saa imeanza kugonga. Arabika, inayopandwa juu milimani kwetu, huchukua kama miezi 7 hadi 9 kutoka ua hadi tunda jekundu. Robusta ya tambarare huchukua zaidi, miezi 9 hadi 11. Robusta kwa Uganda si mgeni: bado inaota yenyewe porini, katika msitu wa Kibale kwa mfano. Matunda yake yaliyokaushwa na maganda yake wafanyabiashara huyaita kiboko, na wazee hukwambia jina hilo ni kumbukumbu ya kiboko chenyewe, kile cha ngozi, enzi za wakoloni. Yetu ya Arabika iliyokaushwa na ganda huitwa Drugar. Majina ya kahawa Uganda hayana mapambo.

Ikweta inakata wilaya yetu katikati, na hilo huvuruga kila kitu ulichofundishwa kuhusu "msimu wa maua." Mvua zetu ni mbili: za kuanzia Machi, na za kuanzia kama Agosti au Septemba. Kwa hiyo kahawa huchanua zaidi ya mara moja kwa mwaka, na tawi moja linaweza kubeba maua, punje za kijani na matunda mekundu kwa wakati mmoja. Mkahawa wa kwetu ni nyumba yenye kitindamimba anayenyonya na kifungua mimba anayeposwa, wote chini ya paa moja. Mvunaji lazima achague kwa vidole. Ukikwanyua tawi zima umevuna na mtoto wa msimu ujao.

Na siku hizi mvua hazina adabu. Inanyesha siku mbili, inakatika, miti inachanua nusu. Inarudi wiki tatu baadaye, inachanua nusu nyingine. Maana yake ni kwamba miezi minane mbele mavuno nayo yatakuja vipandevipande, na vibarua utawalipa kwa kila kipande. Joto likizidi au ukavu ukirefuka, unapata yale maua yaliyodumaa, ya kijani, magumu, yenye umbo la nyota. Hayafunguki vizuri na hayazai. Mvua kubwa ikiangukia siku yenyewe ya kuchanua, chavua inaoshwa. Arabika angalau hujichavusha yenyewe kwa sehemu kubwa. Robusta haiwezi, inataka chavua ya mti mwingine, iletwe na upepo au nyuki, kwa hiyo mwenye Robusta ana sababu moja zaidi ya kutazama mbingu.

Ndiyo maana nasema kwetu kuchanua ni tarehe. Lakini tarehe nayo inaweza kuuzwa.

Biashara yenyewe ni hivi. Machi au Aprili mvua imefika, kahawa imechanua, na nyumbani hakuna kitu. Chakula cha msimu uliopita kinaishia, cha msimu huu ndiyo kwanza kimetiwa ardhini. Shule zilifungua Februari, na katikati ya muhula ndipo watoto huanza kurudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Hapo ndipo anapotokea bwana mwenye pikipiki na daftari. Anatembea shambani kwako, anatazama maua, anahesabu miti kwa macho, anataja kiasi. Anakulipa leo. Kahawa itakapoiva ni yake. Tuseme bei ya mavuno itakuwa shilingi 10,000 kwa kilo; yeye amekufanyia 4,000, pengine chini ya hapo, na ikitokea bei imepanda, kilichopanda ni chake. Ng'ambo ya pili, mkoani Kagera nchini Tanzania, biashara hiyo ina jina lake kabisa, butura, na serikali imeikemea miaka na miaka. Imebaki.

Ni rahisi kumwita huyo bwana mnyonyaji, na mara nyingi ndivyo alivyo. Lakini tazama anachonunua. Ananunua kitu cha siku tatu. Sehemu kubwa ya maua hayo yatadondoka bila kushika tunda. Mvua ya mawe inaweza kupita, wadudu wakaingia, na mwenye shamba mwenyewe anaweza kuvuna usiku akauza kwa mwingine, jambo ambalo hutokea na ambalo huleta kesi nyingi kwa mwenyekiti wa kijiji kuliko uchawi. Waswahili husema usinunue mbeleko na mwana hajazaliwa. Huyu ananunua mbeleko wakati ndoa yenyewe ina siku tatu. Bei yake ya kukaba koo ina woga ndani yake.

Mama yangu hajawahi kuuza maua, na anajivunia hilo kuliko anavyojivunia watoto wake. Nilikuwapo siku mmoja wa mabwana hao alipokuja.

"Mama, kahawa yako imependeza mwaka huu. Imechanua kweli kweli."

"Asante, mwanangu. Itazame tu, kutazama ni bure."

"Ukinipa hii mistari ya juu, leo hii nakuachia pesa mkononi."

"Na mvua ya mawe ikija, nitakudai wewe au utanidai mimi?"

Akacheka, akaomba maji ya kunywa, akawasha pikipiki. Nyumba ya tatu alisimama muda mrefu zaidi. Kule hawakuwa na ng'ombe wa kuuza.

Huo ndio ukweli ambao semina za kilimo huruka. Anayeuza maua si mjinga wa hesabu. Anajua atapata nusu. Ameshapiga hesabu ya mtoto kukaa nyumbani muhula mzima, au ya mgonjwa, na akaona nusu ya leo ni kubwa kuliko nzima ya Novemba. Mama aliweza kukataa kwa sababu alikuwa na kitu kingine kinachochanua.

Hicho ni vanila, na hapo neno letu linageuka kabisa maana.

Ua la kahawa likichanua, wewe unakaa pembeni na kuomba Mungu. Ua la vanila likichanua, umechelewa tayari kama bado uko kitandani. Linafunguka alfajiri, na kufikia mchana limeanza kusinyaa. Maisha yake yote ni asubuhi moja. Ndani lina sehemu ya dume na ya jike, ila kati yake kuna kiutando kinachozuia zisikutane. Asili ya mmea huu ni Meksiko, ambako kuna wadudu wa kuutembelea. Huku kwetu hakuna anayejua kazi hiyo isipokuwa binadamu. Unashika kijiti chembamba kilichochongwa, unainua kile kiutando, unasukuma chavua kwa kidole gumba hadi iguse panapotakiwa. Sekunde chache. Kisha ua linalofuata. Kila siku katika msimu, kila mmea wa vanila, ua moja moja.

Aliyegundua ujanja huo wa kijiti na kidole gumba alikuwa mtoto wa miaka 12, mtumwa, katika kisiwa cha Réunion mwaka 1841. Jina lake Edmond Albius. Njia yake ilitajirisha visiwa vizima, yeye mwenyewe akafa maskini mwaka 1880. Nilipomsimulia mama habari hiyo hakushangaa hata kidogo. Aliuliza tu kama yule mtoto alitumia mkono wa kulia au wa kushoto, kwa sababu yeye hutumia wa kushoto na majirani humcheka.

Vanila iliingia vichwani mwa watu wengi Uganda baada ya kimbunga Hudah kupiga Madagaska mwaka 2000. Bei ya dunia ilipaa hadi kama 2003, ikaporomoka, watu wakang'oa, ikapanda tena miaka ya 2010 ikielekea mwisho, watu wakapanda tena. Podo, yale maganda marefu ya vanila, hukaa mtini karibu miezi 9, na miezi hiyo ni ya kulala na panga mlangoni, kwa sababu wezi huvuna kabla hazijakomaa. Podo mbichi huharibu jina la vanila ya nchi nzima. Ndipo serikali ikaanza kutangaza tarehe za kufungua uvunaji, mara mbili kwa mwaka. Kuvuna kabla ya tarehe ni kosa. Kwa hiyo nikisema kuchanua ni tarehe, kwa vanila hata wizara inakubaliana nami.

Jambo moja nimeliona na linanifurahisha: sijasikia mtu akinunua vanila ikiwa maua. Mwenye pikipiki haamki saa kumi na moja kumshikia mtu kijiti.

Mgomba ni kinyume cha haya yote. Huko ua ni adui. Mkungu ukishatoka, na chane za ndizi zikishajipanga, mwishoni kabisa hubaki lile fundo la zambarau linaloning'inia, ndilo ua dume. Haliongezi ndizi hata moja. Zamani tuliliacha, likapendeza. Mwaka 2001 ugonjwa wa mnyauko bakteria ukaonekana migombani, ukianzia upande wa kati, Mukono na Kayunga, na ukaenea nchi nzima katika nchi inayokula matoke. Wadudu hulifuata lile fundo kwa ajili ya utamu wake, wakiwa na bakteria miguuni, wakaingizia ugonjwa kupitia pale ua linapodondosha vifuniko vyake. Ndizi huiva kabla ya wakati, ukiikata ndani ni kahawia, shina linatoa utomvu wa njano. Ua linaua, na hapo sichezi na maneno.

Dawa yake ni rahisi hadi inatia shaka. Chane ya mwisho ikishatoka, chukua mti mrefu wenye panda, bana lile fundo, zungusha, livunje. Usitumie kisu, kwa sababu kisu hubeba utomvu kutoka mgomba mmoja hadi mwingine na utakuwa umefanya kazi ya mdudu kwa kasi ya binadamu. Shamba la ndizi lenye afya Uganda leo utalitambua kwa kukosa maua. Nina jamaa mmoja mjini ambaye alikasirika alipoona shangazi yake akiyavunja. Alitaka kuyapiga picha.

Pamba nitaipitia haraka, ingawa bondeni Kasese ina historia ndefu, na Uganda ilianza kuipanda kwa biashara mwaka 1903. Ua lake hufunguka likiwa jeupe la maziwa, kesho yake ni la waridi, halafu linaanguka. Wiki kadhaa baadaye tumba hupasuka na pamba yenyewe kutokeza. Watu huita yote mawili kuchanua, na mnunuzi hujali lile la pili tu.

Ziwa nalo huchanua. Hili hunipa tabu kuwaeleza wageni wanaokuja kuangalia simba na tembo. Wanasimama ukingoni mwa Ziwa George, upande wa Kasenyi au Kahendero, wanaona maji ya kijani kizito, wanakunja pua: uchafu huu nani ameumwaga? Hakuna aliyeumwaga. Ni viumbe wadogo mno, jamii ya mwani wa kijani-buluu, waliojaa kwa sababu ziwa lina kina cha kama mita mbili na nusu tu na jua la ikweta linalipiga mwaka mzima. Sehemu nyingi duniani maji yakichanua hivyo ni msiba: samaki wanakosa hewa, watu wanakatazwa kunywa. Kwa upande mwingine wa nchi, kwenye ghuba za Ziwa Viktoria karibu na miji, ndivyo ilivyo, na huko kuna uchafu kweli wa kulaumiwa. Lakini Ziwa George limekuwa la kijani tangu wanasayansi walipokuja kulipima miaka ya 1960, na walichogundua ni kwamba ngege wa pale humeng'enya mwani huo moja kwa moja, kitu ambacho samaki wengi hawawezi. Ule ukijani ndio ugali wa ngege. Ngege ndiye kitoweo chetu. Kwa hiyo kuna mahali duniani ambapo maji yaliyochanua huleta chakula mezani, na pako kwetu, na wageni wanakunja pua.

Halafu kuna maua yanayokatazwa kuchanua. Karibu na Entebbe, kwenye miteremko ya kuelekea ziwani, kuna mashamba ya waridi chini ya mapaa ya plastiki, yaliyoanza miaka ya 1990. Waridi hukatwa likiwa tumba lililofumba, likapozwa, likapandishwa ndege kwenda Uholanzi. Kazi yote ya mashine za baridi ni kulichelewesha. Likijifungulia Entebbe ni hasara, linatupwa; kuchanua ni huduma aliyolipia mtu wa Ulaya, na anataka aione mezani kwake. Wanawake wanaoyakata na kuyapanga kwa urefu wa shina wanajua waridi kuliko mshairi yeyote, na lililofunguka wanalijua kama takataka.

Vijana wetu nao wana lao. Kutoka Nairobi, kwa madereva wa malori na kwa muziki, tumepokea kuchanuka kwa maana ya kuerevuka. "Nichanue" ni kusema nipe habari, nifumbue macho. "Jamaa amechanuka" maana yake huwezi tena kumdanganya kirahisi. Wazee hudhani ni uharibifu wa lugha. Mimi naona ni matumizi mazuri kuliko yale ya barua za mapenzi, maana neno lenyewe lina undugu na kuchana nywele: kutenganisha kilichoshikana.

Na vijana hao ndio walioanza kuuliza maswali kwenye chama chetu cha akiba na mikopo. Kwa nini tusikopeshane sisi kwa sisi maua yanapotoka? Mwanachama apewe sehemu ya thamani ya kahawa yake Machi, bei ibaki wazi, mavuno yakija alipe mkopo na riba iliyoandikwa, kilichobaki ni chake. Ukitazama sana, huko nako ni kununua maua. Tofauti ni kwamba anayenunua ni jirani zako, na bei ikipanda inapanda kwako. Mpango umeanza na unachechemea. Mwaka ambao mvua imewavuruga wote kwa pamoja, chama kizima kinadaiana na hakuna mwenye cha kulipa, wakati yule bwana wa pikipiki ana kahawa ya vilima vingine kumfidia. Sioni bado jibu la hilo. Ila napendelea tatizo hili kuliko lile la zamani, na wanaotaka biashara ya maua ipigwe marufuku kwa sheria tupu nawaomba kwanza waseme karo ya Machi itatoka wapi.

Mama alijaribu njia yake. Shule ya jirani, kama shule nyingi za vijijini Uganda, hupokea mahindi na maharagwe badala ya sehemu ya karo, basi akaenda kumwuliza mwalimu mkuu kama angekubali pia kahawa kavu, alipwe Novemba kwa karo ya mjukuu wake ya sasa. Mwalimu alifikiri kwa heshima zote. Kisha akamwambia maharagwe karibu, mahindi karibu, lakini kahawa hapana, mama. Watoto hawali kahawa.